Kigono Alivyovuka Mto Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zenu zimelala? Moto unawaka, viazi viko jivuni, nanyi mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, siku ambazo mnyama alisema na mtu akamjibu bila kushangaa, palikuwa na mpiganaji jina lake Kigono. Mpiganaji hasa! Kifua kama mlango wa zizi, na fimbo ya mpingo aliyoizungusha mpaka nzi wakakosa pa kutua. Tena alikuwa na wimbo wake mwenyewe, kwa kuwa hakuona sababu ya kungoja wengine wamsifu:

*Nani huyo apitaye? Kigono!*
*Nani huyo asopisha njia? Kigono!*
*Ukimwona, keti chini! Kigono!*

Na watu walikaa chini kweli.

Kigono alikuwa na dada mmoja, Namkunda. Namkunda alikaa miaka saba katika ndoa bila mtoto, na mwaka wa nane akajaliwa binti, akamwita Nakiete. Siku ninayowasimulia, Nakiete alikuwa na miezi mitano. Jino hana, nywele chache, sauti ya kutosha watu kumi.

Asubuhi hiyo Namkunda alimjia kaka yake mbio.

"Kaka, mama mkwe wangu anaumwa huko ng'ambo ya mto. Nampelekea dawa. Mtoto ana mafua, sitaki apigwe na upepo wa mtoni. Kaa naye kidogo tu. Jua halitafika utosini, nitakuwa nimerudi."

"Mimi?" Kigono akarudi nyuma. "Nimshike vipi?"

"Kwa mikono, kaka."

Namkunda akamweka mtoto mikononi mwa kaka yake, akamtupia mbeleko begani, akaenda.

Basi, kumbe mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha. Namkunda alivuka daraja la magogo akafika, akampa mkwe dawa, na alipogeuka kurudi akasikia mto unanguruma. Maji yalikuja mekundu, yakaja na miti, yakaja na mbuzi mzima anaelea. Kra! Kra! Kra! Daraja likaenda.

Mama akabaki ng'ambo ile. Mtoto akabaki ng'ambo hii. Na mtoto alikuwa ameanza kusikia njaa.

Kigono akampa maziwa ya mbuzi, akayatema. Akampa uji mwepesi, akautema. Akampa kidole, mtoto akakinyonya kwa matumaini, akagundua kuwa ni uongo, akalia mpaka kuku wakapanda paa.

Namkunda alisimama ukingoni, maziwa yamelowesha nguo yake, akapiga kelele kushinda mto. "Kaka! Kivuko cha juu! Mlete kivuko cha juu!"

Majirani waliposikia hivyo, wote wakatazama miguu yao. Kivuko cha juu kilikuwa na mawe makubwa ambayo maji hayakuyafunika kamwe, lakini Zimwi lilikaa pale. Na kabla ya Zimwi ilikuwa nyika ya Fisi, na baada ya nyika ulikuwa msitu wa Chui.

"Ngoja, Kigono," akasema jirani mmoja. "Baada ya siku tatu maji yatapungua."

Kigono akamtazama Nakiete. Kilio kilikuwa kimeanza kukwaruza.

"Siku tatu hana," akasema. Akamtia mtoto kwapani kama mzigo wa kuni, akashika fimbo kwa mkono wa kulia, akaondoka. Na Namkunda, upande wake, akaanza kukimbia kuufuata mto kwenda juu.

Njiani Kigono akatafuta wimbo wa kumbembeleza mtoto. Hakuwa nao hata mmoja. Akaimba aliokuwa nao: *Nani huyo apitaye? Kigono!* Na ajabu, mtoto akanyamaza. Akimaliza, mtoto analia. Akianza, mtoto ananyamaza. Basi akaimba mpaka nyikani.

Fisi akatokea nyuma ya kichuguu, akicheka.

"Kigono mwenyewe! Nimesikia habari zako tangu utoto wangu. Lakini leo una mtoto, nami sipendi kumpiga mtu mwenye mtoto. Mweke chini mtoto, tupigane kiume!"

Maneno hayo yalimwingia Kigono masikioni kama asali. Akamlaza mtoto kivulini chini ya mgunga, akamviringisha mbeleko, akamrukia Fisi. Pu! ya mbavu. Pa! ya pua. Fisi akalia, akakimbia, na Kigono akamfuata akicheka. Akavuka kilima. Akavuka korongo. Utamu ulioje!

Na hapo akasikia kilio cha Nakiete, nyuma, mbali.

Kumbe Fisi alikuwa na mke! Alipokirudia kilima na kutazama, mke wa Fisi alikuwa ameshika pembe ya mbeleko kwa meno, anaiburuta nyasini na mtoto ndani yake, anaiburuta kuelekea pangoni.

Jamani, Kigono alikimbia! Hajawahi kukimbia hivyo kumfuata adui yeyote. Alirusha fimbo, ikakosa. Alirusha jiwe, likakosa. Akajirusha yeye mwenyewe, akaanguka juu ya mkia wa yule Fisi jike, akauvuta kwa mikono miwili mpaka mnyama akafumbua mdomo kupiga yowe, na mbeleko ikaanguka.

Mtoto alikuwa mzima, vumbi hadi kwenye kope. Kigono akamfuta uso, akakaa naye pale chini.

"Sitakuweka chini tena," akamwambia. "Sitakuweka chini tena. Nasema, sitakuweka chini tena."

"Maneno mazuri," ikasema sauti juu ya mti, "lakini unamshika vibaya."

Alikuwa Nyani jike, na kitoto chake kimemng'ang'ania tumboni.

"Nakutazama tangu asubuhi, baba. Unambeba mtoto kama amekufa. Hujui kufunga mbeleko?"

"Sijui, mama Nyani. Nisaidie."

Nyani akashuka, akamzungusha huku, akamzungusha kule. "Sikiliza. Adui akitoka juu, mtoto kifuani, nawe uiname. Adui akiwa mbele, mtoto mgongoni. Fundo huku, chini ya kwapa. Kaza! Si hivyo, utamnyonga. Ndiyo."

"Na adui akiwa pande zote?"

Nyani akajikuna. "Hapo mimi hupanda mti."

Kigono akamshukuru, akaokota fimbo yake, akaingia msituni na mtoto kifuani, maana mle hatari yote hukaa juu. Nakiete akamvuta ndevu. Akatia mkono mdomoni mwake katikati ya wimbo. Na kilio chake sasa kilikuwa kidogo, kikavu, kama mlango unaofunguliwa taratibu, na hicho kilimtisha Kigono kuliko kile kikubwa.

Chui alikuwa amejinyoosha tawini.

"Kigono," akasema kwa sauti laini. "Unaonekana mjinga na hilo furushi. Fimbo yako haizunguki vizuri. Mweke chini mtoto, tupigane kiume!"

Mkono wa Kigono ukaenda kwenye fundo. Niwaambie kweli, ukaenda. Kisha akashika fimbo.

"Simweki."

Chui akaruka. Kigono akainama mpaka magoti yakagusa ardhi, akamfunika mtoto kwa kidevu na mkono, akasimika fimbo mbele yake. Chui akapita juu, kucha zikamchana bega, chwaa! Kigono akaruka kushoto. Chui akarudi. Kigono akaruka kulia. Na kila aliporuka, mnajua Nakiete alifanya nini? Alicheka! Mtoto mwenye njaa, mtoto mwenye mafua, anacheka kwa kuwa mjomba anaruka! Kicheko kile kikampa Kigono miguu mipya. Chui aliporuka mara ya tatu, Kigono hakukwepa. Aliinua ncha ya fimbo ikakutana na koo la Chui, gwaa! Chui akaanguka chali, anakohoa, anatafuta pumzi.

Kigono wa jana angemmaliza pale pale na kuimba ubeti mpya. Kigono wa leo alimruka akaenda zake mbio, damu ikimchuruzika begani, anasema, "Twende, mama, twende, karibu tunafika."

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipotokea kivukoni. Aliyaona mawe, makubwa, yamepangana kama meno ya kiboko, na maji mekundu yakipita katikati. Na ng'ambo ile, Namkunda! Nguo imechanika, miguu imejaa tope, mikono juu ya kichwa.

Na kati ya Kigono na mawe, Zimwi.

Lilikuwa refu kama mnazi uliopinda. Nywele zake nyasi, jicho lake moja, na rungu lake gogo zima lenye mizizi. Kigono akamhamishia mtoto mgongoni haraka, akakaza fundo chini ya kwapa kama alivyofundishwa.

"Nasikia harufu ya maziwa," likasema Zimwi. "Nasikia harufu ya damu pia. Wewe unajiita shujaa? Mweke chini mtoto, tupigane kiume!"

"Simweki."

"Basi wewe ni mwoga!"

"Leo ni mwoga."

Zimwi halikuwahi kujibiwa hivyo. Jicho lilipepesa. Kisha rungu likashuka, buu! Ardhi ikatikisika. Kigono akakinga kwa fimbo, na fimbo ya mpingo, fimbo ya vita vyote, ikavunjika vipande vitatu. Akabaki na kipande cha urefu wa mkono. Rungu likaja kutoka kushoto. Asingeweza kugeuka, akigeuka mtoto ndiye angepigwa. Akalipokea kwa mbavu zake. Pumzi ikamtoka. Rungu likaja kutoka kulia. Akalipokea kwa paja. Akachota mchanga, akaurusha kwenye lile jicho moja. Zimwi likapiga kelele, likajifuta, na Kigono akateleza akizunguka pembeni, daima uso kwa Zimwi, daima mtoto nyuma, mpaka unyayo wake ukagusa maji baridi.

Sasa Zimwi lilikuwa upande wa nchi kavu, na yeye upande wa mto. Lakini angegeuka vipi kutafuta mawe? Mgongoni mwake kulikuwa na Nakiete, na rungu lilikuwa linainuliwa.

Hakugeuka. Akaanza kuvuka kinyumenyume.

"Kaka!" Sauti ya Namkunda ikaja kutoka nyuma yake. "Jiwe liko kushoto! Kushoto zaidi! Hapo!"

Kisigino kikatafuta, kikapata. Rungu likashuka, akalikwepa.

"Hatua ndefu sasa! Ndefu! Usiliguse hilo, lina utelezi!"

Akatupa mguu nyuma kama mtu anayekanyaga hewa. Jiwe likampokea. Zimwi likamfuata juu ya mawe, likinguruma, likipiga huku na huku, na Kigono na kile kipande cha fimbo, akisukuma pigo hili, akikwepa lile, bila kutazama nyuma hata mara moja, macho kwa adui na masikio kwa dada yake.

"Kulia, kaka! Mtoto yuko sawa, namwona! Hatua nyingine!"

Walikuwa katikati ya mto. Zimwi likainua rungu kwa mikono miwili, likalishusha kwa hasira yake yote. Kigono akaruka nyuma asikoona, akiamini neno la Namkunda tu. Visigino vikatua. Rungu likapiga jiwe tupu, jiwe likapasuka, nusu yake ikazama, na maji yakaingia kwa kishindo katika pengo jipya. Rungu likachukuliwa na maji kama kijiti. Zimwi likabaki ng'ambo ya pengo, juu ya jiwe la nyuma, likipunga mikono lisianguke.

"Umekimbia!" likafoka. "Nitawaambia wote! Kigono amekimbia, tena kinyumenyume!"

"Waambie!" Kigono akajibu. "Waambie na wajukuu zao! Kwa mwoga huenda kicheko!"

Akapiga hatua moja nyuma. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Na hivyo ndivyo Namkunda alivyompokea: aliona kwanza mbeleko, kisha mguu mdogo unaning'inia, kisha kichwa chenye nywele chache kikigeuka kumtafuta mwenye sauti ile. Mtoto alifika kabla ya mjomba wake.

"Mpe, kaka! Mpe!"

Kigono akashika fundo. Vidole havikufanya kazi. Akajaribu tena. Mikono iliyovunja ngao za watu ilishindwa kufungua pembe mbili za kitambaa. Namkunda akamwondoa mikono taratibu, akafungua mwenyewe, akaketi pale pale topeni akamnyonyesha. Gudu, gudu, gudu. Mlio wa kumeza ulisikika juu ya mto.

Watu wa ng'ambo ile walikuwa wamekusanyika.

"Umeliua?" wakamuuliza.

"Hapana."

"Umelishinda?"

"Hapana. Nimepita."

Kisha Kigono akakaa matopeni kando ya dada yake, akafunika uso, akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wazima na watoto. Namkunda hakumwambia anyamaze. Aliweka mkono mmoja juu ya bega lake lililochanika, mkono mwingine ukimshika mtoto, na hakuna mtu aliyecheka.

Wakati huo Nakiete alikuwa ameshiba. Akaachia titi, akatulia kidogo, akacheua. Lakini kucheua huko! Kulisikika mpaka milimani.

Kigono akaruka juu, kipande cha fimbo mkononi, miguu imetanuka.

"Nani?!"

Hapo ndipo watu walipocheka, na Namkunda akacheka mpaka akashika mbavu, na Kigono, mbavu zake zimevunjika mbili, akacheka akiumia.

Hadithi yangu imeishia hapo matopeni, mtoto kashiba na mjomba kasimama. Mwenye ngano tamu kuliko hii na aongeze kuni, sisi tunaepua viazi.