Sinia la Wali Mweupe

Soma kisa hiki kabla hujakaa kula, kisha mtumie kila unayekula naye sinia moja.

Katika kijiji cha Mwambweni alikuwako mpishi wa shughuli aitwaye Bi Sihaba. Iwe harusi, iwe maulidi, iwe hitima, mwiko alishika yeye. Pilau yake ilisifiwa hadi vijiji vya mbali, na mwenyewe hakujifanya hasikii. Alikuwa na maringo, lakini maringo ya kazi, na nani angemlaumu?

Ikatokea harusi moja kubwa, na kesho yake matumbo ya watu yakachafuka. Wakubwa kwa wadogo walishinda wakikimbilia chooni, na mtoto mmoja nusura wampoteze. Lawama yote ikamwangukia mpishi.

Mzee Shomari, ambaye binti yake alikuwa karibu kuolewa, akamwambia mbele za watu, "Bi Sihaba, kwangu usije. Nitaleta mpishi wa mjini."

Maneno yale yalimchoma. Kumnyang'anya mwiko ni kumnyang'anya jina, na jina alikuwa nalo hilo hilo moja. Akaenda kwa Zulfa, msichana aliyefundisha mambo ya afya pale kijijini.

"Mwanangu, nitetee. Waambie jikoni kwangu ni safi."

"Kwa maneno siwezi, bibi," Zulfa akajibu. "Nipikie wali mweupe sinia moja, uwaite wanaokulaumu. Nawe ukae nao ule."

Wakaja, Mzee Shomari akiwa mbele. Zulfa akawapaka wote manjano yaliyochanganywa na mafuta, mikono yote miwili mpaka kwenye kucha.

"Sasa naweni kama mnavyonawa siku zote," alisema, "halafu mle."

Bakuli la maji likapita. Kila mtu akachovya mkono wa kulia, wa kulia tu, maana ndio unaokula. Wa kushoto ukabaki mapajani. Wakamega, wakafinyanga matonge, wakala.

Muda si muda wali ukaanza kubadilika. Njano hapa, njano pale, mpaka ungedhani umepikwa kwa bizari.

"Nani katia manjano kwenye wali?" Zulfa akauliza.

Wote wakaliinamia sinia. Upande wa Mzee Shomari ndio uliokuwa wa njano kuliko zote.

"Nyani haoni kundule," mmoja akanong'ona, na wenzake wakacheka.

Bi Sihaba angeweza kuondoka hapo kifua mbele. Lakini aliitazama mikono yake mwenyewe. Mgongo wa mkono wa kulia ulikuwa bado wa njano. Na wa kushoto, ule anaoshikia nyama akiikata, haukuwa umeonja maji kabisa. Aibu ikamjaa. Hata hivyo akainua mikono yote miwili juu, kila mtu aione.

"Msimcheke Mzee Shomari peke yake," alisema. "Na mimi ni huyu hapa. Zulfa, nifundishe."

Zulfa hakuhutubia. Alileta birika na sabuni, akamshika Bi Sihaba mikono, wakaanza kusugua. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, chini ya kucha. Maji yakamiminwa yakamwagika chini, na manjano yakaenda nayo. Kisha Bi Sihaba akamshika Mzee Shomari mikono, akamfundisha vile vile alivyofundishwa. Shomari akamfundisha jirani yake. Siku ile hakuzungumza tena habari za mpishi wa mjini.

Harusi ya bintiye ikawadia, na mwiko ukawa wa Bi Sihaba. Wageni walikuja huku wakinusa hewa, wakitafuta harufu ya pilau. Hawakuisikia. Badala yake walimkuta Bi Sihaba mlangoni na kibakuli cha manjano.

"Harusi haiendi bila manjano," aliwaambia, "ila leo hatumpaki bibi harusi peke yake."

Akawapaka wote mikononi. Hatua chache mbele, Mzee Shomari alisimama na birika na sabuni. Mjomba wa bwana harusi, mtu mwenye heshima zake, akamnyooshea mkono mmoja.

"Na wa pili," Shomari akasema.

"Mimi hula kwa huu tu."

"Najua. Lakini huo hauwezi kujiosha wenyewe."

Mjomba akacheka, akatoa na wa pili.

Masinia yakafunuliwa. Wali wa nazi, mweupe pe! Minong'ono ikaanza. Harusi gani hii isiyo na pilau?

"Kitoweo kinakuja," Bi Sihaba akasema. "Kwanza megeni huu."

Wakamega. Bi Sihaba akapita sinia hadi sinia, akiinama na kutazama, moyo ukimdunda kuliko siku yoyote aliyowahi kupika. Hakuona hata doa la njano. Alipofika sinia la mwisho alipiga kigelegele mwenyewe, na wanawake wa jikoni wakampokea.

Kesho yake hakuna aliyekimbilia chooni. Walipomuuliza kati ya vyakula vyake vyote anajivunia kipi, Bi Sihaba hakutaja pilau.

"Ule wali," alisema. "Ule tuliupika kijiji kizima."

Funzo: Kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, kioshe kwanza, na kumbuka kwamba hakuna mkono uliowahi kujiosha wenyewe.