Chenso ya Galusi na Jiko la Venansia

Jiko huulizwa lingali na moto.

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia Fideli maneno hayo asubuhi hii, Fideli alipokuwa akipiga viatu rangi aende mjini kumnunulia mchumba wake cherehani. Mkacheka. Mmoja wenu akasema shangazi ana njaa, anakumbushia uji. Kucheka si kosa, meno mnayo. Lakini methali hii ina kaburi lake, na kaburi lenyewe liko huku huku kwetu milimani. Kaeni niwaeleze ilikotoka.

Palikuwa na mtu aliyeitwa Galusi Mlelwa. Alikuwa kibarua katika shamba la misonobari, mbali na kijiji chake, na kazi yake ilikuwa kupakia magogo kwenye malori. Kupakia magogo ni kazi ya mgongo, wala haina jina. Heshima yote kule ilikuwa ya wakataji, wale wanaotembea na chenso begani, ule msumeno wa mnyororo unaokwenda kwa petroli na kuangusha mti mzima kabla hujamaliza kupiga chafya. Mkataji akipita huitwa fundi. Mpakiaji akipita huitwa "wewe". Galusi aliitwa "wewe" mpaka ndevu zikamtoka, na jambo hilo lilimkaa rohoni kuliko alivyokiri.

Nyumbani alikuwa na jiko. Mnajua kwamba kwetu mtu akioa husemwa amepata jiko. Basi jiko la Galusi lilikuwa Venansia, binti wa Mama Sigilinda wa nyumba ya jirani, mwanamke mfupi, mwenye maneno ya kuchekesha na mkono uliopendwa na viazi. Walikuwa na binti mmoja mdogo, Daria, mwenye kifua kibovu. Baridi ya Juni ikianza, Daria naye huanza kukohoa, na dawa yake kubwa ilikuwa moto usiozimika.

Moto unataka kuni. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na shamba la miwati, miti myembamba myembamba aliyoipanda baba yake Galusi, kuni nzuri kabisa. Kuni zilikuwapo, uliokosekana ni mkono. Maana mwaka uliotangulia Venansia aliteleza mteremkoni akiwa na mzigo kichwani, bega la kushoto likachomoka. Mganga wa viungo alilirudisha, lakini halikurudi kama lilivyoumbwa. Tangu hapo hakuweza kupandisha shoka juu ya kichwa, na Galusi mwenyewe alikuwa haonekani nyumbani ila mara moja moja. Ndipo wakakubaliana: viazi vya Venansia viuzwe, inunuliwe chenso ya kukatia kuni.

Asubuhi ya safari Galusi alikuwa kizingitini akifunga kamba za viatu, na Venansia alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moto.

"Baba Daria," alisema bila kugeuka, macho yamejaa moshi, "ukifika huko chukua ile ndogo. Ile ambayo hata mimi nitaweza kuinyanyua. Wewe huwa hupo."

"Sawa, sawa," alisema Galusi, akaendelea na viatu vyake.

Alisikia, ila hakusikiliza. Sikio lilipokea, moyo ulikuwa umeshatangulia dukani. Njia nzima hakufikiri kuni wala bega la mkewe. Alijifikiria yeye, akishuka kwenye gari mbele ya watu na chenso begani.

Dukani alimkuta muuzaji mmoja mpole, Mkinga kwa kabila, aliyekuwa akifuta vumbi mashine zilizoning'inia ukutani. Wakasalimiana. Yule muuzaji akamuuliza kama anavyouliza kila mteja, "Unataka ya nyumbani au ya kazi?"

Hilo neno "nyumbani" lilimchoma Galusi. Ya nyumbani! Kwake lilikuwa na harufu ya sufuria.

"Kwani wewe unaniona mimi mtu wa nyumbani?"

"Sijasema hivyo, kaka. Unakwenda kukata nini?"

"Miwati. Kuni."

"Basi hii ndogo inakutosha na kubaki." Muuzaji akaishusha, akamwekea mkononi. "Nyepesi, haili petroli, na mnyororo wake ni mpole. Imetengenezwa kwa mtu anayejikatia kuni zake. Hii kubwa ni ya watu wa msituni, wanaokata kutwa nzima na waliofundishwa. Nguvu inazo, huruma haina. Ukikosea ukaugusisha mti kwa ile ncha ya mbele, inaruka na kumrudia aliyeishika."

Galusi aliigeuza ile ndogo, akaiona kama kitu cha kuchezea mtoto. Juu yake ile kubwa ilining'inia, ya namna ile ile waliyobeba mafundi wa shambani.

"Nani ataishika?" aliuliza muuzaji.

Hapo, wanangu, ndipo mlango ulipokuwa wazi. Jibu alikuwa nalo, alipewa asubuhi ile ile kutoka kwenye moshi. Lakini wakati huo waliingia watu wawili kununua vipuri, wenye mavumbi ya mbao kwenye nywele, na mmoja akamwona amesimama mbele ya mashine, akamsalimu, "Habari, fundi?"

Fundi! Galusi alihisi amerefuka.

"Nitaishika mimi," alimjibu muuzaji. "Nani mwingine? Nishushie ile kubwa."

Muuzaji alimtazama kidogo, kisha akapanda kwenye ngazi. Duka halibishani na mnunuzi.

Kijijini watu walimpokea kama alivyoota. Venansia alitoka nje akifuta mikono kwenye khanga, akaikaribia ile mashine, akaishika kwa mkono wa kulia na kujaribu kusaidia na ule wa kushoto. Iliinuka kidogo tu kutoka ardhini, akaitua.

"Ni nzito, Baba Daria."

"Hiyo ya wanaume."

"Na wewe ukiwa hupo?"

"Nitakata za kutosha kabla sijaondoka. Una wasiwasi gani?"

Na kweli alikata. Kwa hilo hatumsingizii. Chenso ilinguruma mpaka ng'ambo ya bonde wakatoka kutazama, na miwati ikalala chini. Lundo likapanda hadi kwenye dari ya banda. Lakini Galusi hakutaka kuni tu, alitaka na macho ya watu. Kila jirani aliyekuja kutazama na kusema "kweli wewe fundi" alifungiwa mzigo akampelekee mkewe. Venansia aliona mizigo ikitoka uani mmoja baada ya mwingine, akauma mdomo. Mume akisifiwa mbele za watu, mke atamkatizaje? Galusi alipoitwa tena shambani lundo lilikuwa limeshuka hadi kiunoni, na yeye akaona linatosha. Chenso aliitundika jikoni, kwa sababu kule shambani hawakuruhusu mtu kuingia na mashine yake.

Baridi ya mwaka ule ilikuja na hasira. Umande uliganda juu ya nyasi ukawa mweupe kama chumvi, na Daria akaanza kukohoa. Venansia aliwasha moto asubuhi, akauacha uwake mchana, akaulisha tena jioni. Lundo likawa la magotini, kisha likawa vijiti. Alimtuma dereva wa lori la magogo amwambie Galusi kwamba kuni zimekwisha. Dereva akarudi na jibu: "Avumilie kidogo, nakuja." Mama Sigilinda akagawa zake, lakini naye alikuwa mzee anayeokota vijiti vya kuokota. Kwa majirani Venansia aliona haya kwenda kuomba kuni ambazo mumewe mwenyewe alizigawa.

Asubuhi moja Daria aliamka midomo imebadilika rangi. Venansia alimfunika mablanketi yote ya nyumba, akampelekea mama yake amshike karibu na moto wake mdogo. Kisha akarudi kwake. Hakumwambia mtu anachokwenda kufanya.

Mama Sigilinda aliisikia chenso ikiwaka. Akashukuru Mungu, akadhani mkwe wake amefika. Akaisikia ikipanda sauti mara moja, kisha ikashuka, ikabaki inanguruma chini chini bila kukata kitu. Akangoja ipande tena. Haikupanda. Ndipo alipomlaza mtoto akaenda.

Venansia alikuwa amelala kando ya gogo la mwati lisilozidi unene wa paja la mtoto. Mashine ilikuwa nzito, bega lilimsaliti, ncha ikagusa gogo lililokuwa nyuma, na mashine ikaruka ikamrudia, kama alivyosema yule muuzaji. Ilimpata shingoni. Sitasema zaidi ya hapo. Majirani walikuja wakikimbia, lakini hapakuwa na cha kukimbiliwa. Na chenso ilikuwa bado inanguruma pale kando yake, maana katika uwanja ule mzima hapakuwa na mtu aliyejua inazimwaje. Waliomboleza juu ya ngurumo hiyo mpaka petroli ilipokwisha yenyewe.

Galusi alifika kwa lori lile lile alilorudishia jibu. Alikuta watu wamejaa uwanjani wakitetemeka, kwa sababu msiba ulikuwa umeanza na moto haupo. Msiba hauendi bila kuni. Watu watalala nje, maji yatachemshwa, ugali utasongwa. Mwanamume mmoja, bila kufikiri, alisema, "Si kuna chenso?" Watu wote wakamgeukia, akatamani ardhi immeze.

Ndipo wanawake wakaanza kuingia uani, kila mmoja na mzigo kichwani. Galusi alikuwa ameketi chini ukutani. Aliutazama mzigo wa kwanza, akautambua. Fundo la kamba lilikuwa lake, alilifunga kwa mkono wake mwenyewe. Akautambua wa pili. Zilikuwa zile kuni alizowagawia waliomwita fundi, wengine walizitunza, sasa wanazirudisha kumpikia mkewe msiba. Waliitua mizigo pole pole, na kila mzigo ulipotua Galusi alishtuka.

Mama Sigilinda alikuwa hatazamani na mkwe wake, ndiyo heshima ya kwetu. Akitaka kumwambia jambo humwambia kupitia mtoto au huuelekea ukuta. Siku hiyo alikwenda akasimama mbele yake, akamkazia macho.

"Galusi. Mashine hii ulimuuliza nani kabla ya kuinunua?"

"Niliuliza dukani, mama."

"Na mwanangu hakukwambia kitu?"

Galusi aliinamisha kichwa.

"Aliniambia nichukue ile anayoweza kuinyanyua."

"Alikwambia lini?"

"Asubuhi ile. Alikuwa anapuliza moto."

Mwanamke yule mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Alikwambia moto ukiwaka," alisema, "nawe ukaenda kumsikiliza mwenye duka." Akavuta khanga kichwani, akaondoka, na tangu siku hiyo hakumtazama tena usoni.

Walimzika Venansia juu ya shamba la viazi. Daria alipona kifua, akalelewa kwa bibi yake. Galusi hakurudi kwenye misonobari. Ile chenso hakuna aliyekubali kuinunua wala kupewa bure. Aliitupa nyuma ya banda, ikala kutu, kuku wakatagia chini yake. Kuni zake alizikata kwa panga, vijiti vidogo vidogo, kama anayeogopa kuiamsha ile mashine.

Lakini kilichowashtua watu ni jambo jingine. Galusi akitaka kwenda dukani, hata kama ni chumvi tu, kwanza huingia jikoni. Jiko lenyewe halikupikiwa tena, mafiga yalikuwa baridi na jivu limegandamana. Huchuchumaa kizingitini, pale pale alipofungia viatu, na wapitao njiani humsikia akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Daria, naenda dukani. Nichukue ipi?"

Kisha hunyamaza, anangoja. Anangoja kama mtu anayejua kwamba jibu liko njiani. Mwisho huinuka akaingia nyumba ya kulala, na siku hiyo hanunui kitu.

Vijana wa wakati ule nao walicheka, kama ninyi. Walijificha nyuma ya banda wamsikilize. Siku moja Mama Sigilinda aliwakuta hapo, akiwa amemshika Daria mkono. Hakuwatukana. Mle ndani Galusi alikuwa amemaliza kuuliza, na kimya kilikuwa kimeanza.

"Mnacheka nini?" alisema. "Anachofanya ni sawa, mume kumuuliza mkewe. Amechelewa tu. Jiko huulizwa lingali na moto."

Wale vijana waliondoka mmoja mmoja, vichwa chini, na neno hilo wakalibeba kwenda nalo makwao, likatufikia na sisi.

Haya, Fideli. Viatu vimeng'aa, inatosha. Cherehani zipo za kila namna, na duka litakuuzia yoyote utakayoipenda wewe. Lakini mchumba wako nimemwona sasa hivi kwa mama yake, anapeta mahindi, na basi la mjini halijapiga honi. Pita kwake kwanza. Ukimuuliza, usifunge kamba za viatu huku anakujibu.

Jiko huulizwa lingali na moto.