Jini wa Sandarusi na Birika la Jamaruti

Alitawala Sultani Ghalibu bin Taufiki katika Jamaruti, mji mpana hata jogoo akiwika upande huu, upande wa pili wanasikia kesho yake, na maji ya mji wote yalikaa katika birika moja refu kuliko minara saba, lililojengwa kwa sandarusi, ile gundi ya miti inayokauka ikang'aa kama kioo. Basi birika likapata ufa, na ufa ukawa unashuka, na maji yanashuka nao. Mafundi arobaini wakapaka sandarusi mpya, na kila kiraka kikabanduka.

Akaitwa Mzuzuri, fundi wa arobaini na moja.

"Kesho adhuhuri ufa utafika chini," akasema Sultani. "Ukishindwa, kichwa chako si chako."

"Labeka, seyidi yangu," akajibu Mzuzuri.

Akapasha moto bonge la sandarusi, na mle ndani mkatoka jini mdogo kama nzi, aliyenasa miaka elfu tisa.

"Nguvu zimeniisha, nimebaki na ulimi," jini akasema, "lakini umenifungua, nitakutumikia kwa huo. Chembe za sandarusi hushikana mikono. Zikikatwa huachiana, hazifi, na zikipata joto hushikana tena. Nyinyi mkipaka mpya mnazitilia wageni katikati."

"Nisipake kitu?"

"Bandua viraka vyote. Kutanisha kingo za ufa, zipashe joto, usiziunguze."

Asubuhi Mzuzuri akabandua viraka vyote, ufa ukapanuka, na waziri akachomoa upanga. "Huyu anatuua kwa kiu."

"Nina mpaka adhuhuri, bwana waziri," akasema Mzuzuri, akamwita Binti Sarahani, dobi wa jumba, aje na pasi yake ya mkaa.

"Pasi hii ya kanzu za Sultani," dobi akasema. "Ukiichafua nitakuwahi kabla ya waziri."

"Pitisha taratibu, kama unapiga pasi hariri."

Mzuzuri akaegemeza mgongo kwenye birika, akasukuma mpaka kingo zikagusana, na joto likapenya likamfikia.

"Fundi, unaiva."

"Niive. Usiondoe pasi."

Adhuhuri ilipofika ufa haukuwapo, wala kovu. Sultani akalichana birika kwa jambia lake mwenyewe kulijaribu, Mzuzuri akarudisha mgongo uleule ulioungua, pasi ikapita, pakashikana.

"Omba utakacho," akasema Sultani.

"Mwenye pasi, akiridhia."

"Mgongo upone kwanza," akasema Binti Sarahani, naye anacheka.

Ukapona, wakaoana, harusi siku sabini, wakapewa ngamia mia wa dhahabu. Basi ewe msikilizaji, vilivyoachana usivifunike juu: visogeze, vipe joto, na mgongo wako ukiungua, usiutoe.