Dumu la Siwema

Injini ya gari lile ilikuwa imechoka, ikigonga kama mchi kinuni. Basi Mshangama, tajiri wa yadi ya magari, akaimiminia oili nzito kupita kiasi, ikanyamaza.

Siwema akaja kununua, dumu mkononi.

"Nalipa bei yako yote," alisema mbele ya wateja wengine. "Ila gari hili ni la oili nyepesi. Mwaga iliyomo, tutie hii, kisha uliwashe tusikie."

Mshangama akamvuta kando. "Dada, taratibu! Nakuongezea injini safi, ile ya stoo, bure. Oili ukabadilishie kwako."

Injini ilipokwisha kupakiwa na hati kusainiwa, Siwema alifungua dumu, akammiminia kikombe.

"Kunywa uji, bosi. Umetoka jasho sana."