Mkeka wa Bi Salhina

Hapo zamani, si zile za majini na wafalme, ni hizi za juzi zenye umeme, alikuwepo msuka mikeka aitwaye Bi Salhina. Kichwa kilimuuma, macho yakaingia ukungu, hata akawa hatofautishi ukili mwekundu na mweusi. Daktari akasema, "Kapigwe picha ya kichwa kwenye mashine ya MRI, tujue kinachokula macho yako."

Bi Salhina akaogopa kweli kweli. Akaapa, "Atakayenifanya niingie humo na kutoka mzima, nikipona, mkeka wangu wa kwanza ni wake."

Shoga yake Bi Mgeni, aliyewahi kupigwa picha hiyo, akamwambia, "Shoga, ni tundu jembamba lenye makelele, lakini haliumi. Ukisikia linagonga, sema wanawake wanatwanga mpunga. Usijitikise tu, picha itaharibika. Ukizidiwa, binya kengele watakayokupa mkononi."

Hospitalini, mpiga picha Haroub akauliza, "Mama, una chuma chochote? Pini, hereni, au kilichowekwa mwilini kwa operesheni?"

"Sina."

Akauliza tena.

"Sina, mwanangu! Wataka nivue na ngozi?"

Haroub hakununa, wala mlango hakufungua. "Humo mna sumaku, mama, na haizimwi. Siingizi mtu nikiwa na shaka."

Ndipo mke mwenzake Bi Zuwena, aliyemsindikiza, akamnong'oneza, "Hirizi ya kiunoni ina kibati. Ivue."

Aibu ikamshika Bi Salhina. Hirizi ile aliifanyiza ili mume amchukie huyo huyo Bi Zuwena.

"Ulijua?"

"Tangu ulipoivaa. Nipe nikushikie."

Akaingia. Mashine ikagonga, naye akatwanga mpunga moyoni, hakutikisika. Picha ikaonyesha uvimbe, ukatolewa, macho yakarudi. Alhamdulillahi! Mkeka ulipokwisha, wote watatu wakaja.

"Bila maneno yangu ungetoka mbio," akasema Bi Mgeni.

"Ningeipokea ile 'sina' yako, mama, ungeingia na chuma," akasema Haroub.

Bi Zuwena akacheka. "Na mimi niliyekushikia hirizi ya kunifukuza, nisikalie hata ukingo?"

Bi Salhina akautazama mkeka, mwekundu ukiwa mwekundu na mweusi mweusi. Kuukata vipande hawezi. Haya, nyie mliokaa kwenye mikeka ya watu mkinisikiliza: huu angemkunjia nani?