Samaki wa Mama Kidudi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini? Pakawa kinywa cha mtoto, kila kiingiacho akitema. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, nyikani kusikopita mto, aliishi Digidigi na mwanawe wa kwanza, Kidudi. Kidudi akaota meno, akakonda kidogo tu, mama roho ikamruka. Akakimbia mbio hadi ziwani kwa Korongo, mganga aliyesifika kunenepesha watoto.

"Shikamoo mganga, mwanangu amekonda, mbavu nazihesabu, sili, silali, nifanye nini?"

"Marahaba. Majani mkataze kabisa. Mpe samaki mmoja kila siku."

Digidigi akabeba samaki mpaka nyikani. Kidudi akanusa, akakohoa, akatema.

Mama akarudi mbio. "Ametema, mganga!"

"Mpe wawili."

Kidudi akanusa, akakohoa, akatema. Maziwa ya mama nayo yakaanza kukauka kwa hofu.

Akarudi mara ya tatu.

"Mpe watatu!" Korongo akafoka. "Wanangu wote wamekulia samaki. Wako ana nini?"

"Siondoki peke yangu! Kichwa hakiinui, mganga, atanifia nikiwa njiani, twende ukamwone, twende sasa hivi!"

Korongo akaguna, akaruka, akamfuata. Walipofika, jua la utosi, njaa ikambana.

"Samaki wenu wako wapi?"

"Huku hata dimbwi hatuna, baba. Wote nawatoa kwako."

"Sasa mimi nile nini?"

Digidigi akamchumia machipukizi ya mgunga. Korongo akanusa, akakohoa, akatema.

Kidudi akacheka! Mara ya kwanza tangu aote meno.

Korongo akainamisha shingo, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Kidudi, kwani ninyi huku mnakula nini?"

"Si haya haya uliyomkataza! Na matunda ya mkole yakiiva."

"Basi mpe, bibi wee, mpe!"

Kidudi akatafuna jani, akatafuna la pili, la tatu akalinyang'anya mdomoni mwa mama. Kufikia msimu wa mkole, tumbo lilikuwa ngoma. Na Korongo, mgonjwa akifika, huuliza kwanza: "Kwenu kunaota nini?"

Nanyi mnaopenda kushauri, mkumbuke: kinachomnenepesha mtoto wako chaweza kumkondesha wa jirani. Uliza kwanza wanachokula, ndipo ushauri.

Chungu changu kimekwisha, ukoko nimewaachia watoto.