Chai ya Mzee Mbwambo

Soma hadi mwisho kabla hujamrushia mwingine, hasa kama kwenu kuna mzee anayesubiri kipimo.

Katika hospitali moja ya wilaya alikuwepo daktari aitwaye Tumsifu. Hospitali ilikuwa imepata kamera mpya ya kuchunguza utumbo mpana, nayo ilimtia kiburi kidogo, tusifichane. Ukibonyeza kitufe taa yake hugeuka samawati, na vinyama vidogo vilivyoota ndani hujianika: kile cheupe kisicho na neno, na kile cha kahawia chenye mishipa mingi, ambacho kikiachwa huenda kikaja kuwa saratani. Jicho lililozoea liliweza kuvitofautisha palepale, bila kungoja majibu ya maabara.

Mzee Mbwambo, fundi seremala, aliletwa na binti yake. Kaka wa mzee huyo alikuwa amekufa kwa saratani ya utumbo, na hofu ilikuwa haimpi usingizi. Lakini aibu yake ilikuwa kubwa kuliko hofu. Alimwambia daktari wazi kwamba kuchunguzwa huko nyuma atakuvumilia mara moja tu maishani.

Daktari akampa masharti. Siku nzima kabla ya kipimo asile kitu, anywe maji na chai ya rangi tu, na jioni anywe dawa ya kumharisha ili utumbo usafike. Mzee akaitikia.

Siku ikafika. Nesi akamuuliza kama amekula, akajibu hajala tangu juzi. Kamera ikaingia, taa ikageuka samawati, na Daktari Tumsifu akaona maharage.

Alijaribu kuyasafisha kwa maji, wapi. Akaitoa kamera kwa hasira.

"Mzee wangu, mbona umenidanganya? Ulisema hujala."

"Sijala, daktari. Nilikunywa chai, kama ulivyoniagiza."

"Chai na nini?"

Mzee akamshangaa. "Na maandazi na maharage. Chai tupu inanyweka?"

Daktari alikuwa anajiandaa kumkaripia, mara mhudumu akachungulia mlangoni kumkumbusha kwamba chai yake inapoa. Chai yenyewe ilikuwa supu na chapati mbili. Daktari akaona haya.

"Kosa ni langu," alisema. "Naomba urudi wiki ijayo."

"Nilisema mara moja."

"Leo sikuona kitu, mzee. Siwezi kukwambia u mzima, wala siwezi kukwambia u mgonjwa."

Mzee akamkumbuka kaka yake alivyokonda. Akakubali kwa shingo upande.

Safari hii daktari hakuridhika na kuitikiwa. Alimtaka mzee amweleze masharti kwa maneno yake mwenyewe. Mzee akafikiri kidogo.

"Ninywe chai," akasema, "lakini nisinywe chai."

Wakacheka wote wawili, na wakaelewana.

Wiki iliyofuata utumbo ulikuwa safi, na taa ikafanya kazi yake. Vilionekana vinyama viwili. Cha kwanza kilikuwa cheupe, daktari akakiacha. Cha pili kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, lakini cha kahawia, mishipa imekizunguka. Akakinyofoa hapohapo.

Mzee alikuwa anatazama kwenye skrini. "Na hiki mara ya kwanza kilikuwa wapi?"

"Hapohapo," daktari akamjibu. "Chini ya maharage."

Funzo: Kabla hujamlaumu mtu kwamba hakufuata maneno yako, muulize aliyaelewaje.